Nile na sisi wa Dodoma: mmeuliza, tunajibu

Mbukwenyi wasomaji. Toleo lililopita tuliongelea ule mpango wa serikali wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kupitia Singida mpaka huku makao makuu, na mle ndani nikachomeka sentensi moja tu kwamba maji hayo kiukweli ni maji ya Mto Nile. Basi hiyo sentensi moja imezaa meseji nyingi kuliko makala nzima. Wengine mmeuliza historia, wengine siasa, kuna mmoja kauliza samaki na swali lake nimelipenda kuliko yote. Nimechukua machache maana mengine yanafanana.

SWALI: Niko Bahi, mvua ikipiga huku maji yanajaa mpaka barabara haipitiki. Hayo maji yanaenda Nile au yanaishia wapi? (Msomaji wa Bahi)

JIBU: Nile haipati hata tone, ndugu yangu. Dodoma yote iko nje ya bonde la Nile. Maji yenu mengi yanaletwa na mto Bubu unaoshuka kutoka upande wa Kondoa, na yakishafika mbuga ya Bahi ndo mwisho wa safari, hayana mlango wa kutokea baharini, yanakaa pale watu wanalima mpunga na kuvua kambale halafu jua linamalizia kazi. Upande wa mashariki Kinyasungwe anamwaga Wami, Wami anaingia Bahari ya Hindi. Kusini huku Kizigo anaingia Mtera, anaungana na Ruaha Mkuu, Ruaha anaingia Rufiji, na Rufiji sa hivi anajaza Bwawa la Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115.

Na hapo pana kichekesho. Bwawa la Nyerere limejengwa na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Yaani nchi ambayo imekunja uso kwa karibu kila anayetaka kujenga bwawa kubwa juu yake kwenye Nile, kwetu imekuja kumwaga zege yenyewe, tena kwa moyo mkunjufu kabisa, kwa sababu Rufiji haina uhusiano wowote na Cairo.

Kwa Tanzania, upande wa Nile ni kule kanda ya ziwa, Kagera, Mwanza, Mara, Geita, sehemu ya Simiyu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Mpwapwa. Watoto wananibana, kwa nini Misri ya zamani iliendelea kwa sababu ya mto, mbona mito iko mingi duniani? Nawajibuje? (Mwalimu, Mpwapwa)

JIBU: Mwalimu, anza na mvua, maana watoto wa Mpwapwa kiu wanaijua. Sisi Dodoma tunaoitwa wakame tunapata kama milimita 570 kwa mwaka. Cairo inapata kama 25. Ukishuka kusini mpaka Aswan ni karibu na sifuri, mtu anaweza kukua mpaka kuoa hajawahi kuona mvua ya maana. Kwa hiyo Misri ukitoa mto inabaki Sahara tu.

Sasa ule mto maji yake yametoka mbali. Asilimia kama 85 ya maji yanayofika Misri yanatoka milima ya Ethiopia, kwenye Nile ya Bluu inayoanzia Ziwa Tana, mto Atbara na mto Sobat. Kule mvua kubwa ni Juni mpaka Septemba, basi zamani maji yalikuwa yanafika Misri kiangazi kikali kabisa, mto unapanda, unatoka kwenye kingo zake, unafunika mashamba kwa wiki kadhaa na tope jeusi zuri kutoka milimani, halafu Oktoba hivi unarudi wenyewe. Mkulima anamwaga ngano na shayiri kwenye tope bichi, anavuna kabla gharika nyingine haijafika. Mwaka wao waliukata misimu mitatu ya miezi minne minne kufuata mto, Akhet wa mafuriko, Peret wa kuotesha, Shemu wa kuvuna. Na kitu ambacho vitabu vyetu vya shule vinakiruka, yale maji yakirudi yalikuwa yanaondoka na chumvi. Kule Mesopotamia, Iraki ya leo, walimwagilia kwa mifereji karne na karne mpaka mashamba mengine yakawa meupe kwa chumvi, ila Misri walilima ardhi ileile miaka maelfu.

Ongeza usafiri. Nile unatiririka kwenda kaskazini na upepo kwa kawaida unavuma kutoka kaskazini, kwa hiyo ukienda kaskazini unaachia mkondo ukubebe, ukirudi kusini unatandaza tanga. Nchi nzima ni barabara moja ya bure, njia mbili. Hapo ndo unaelewa mfalme mmoja aliwezaje kutawala kamba ndefu hivyo ya nchi.

Na kubwa kwangu mimi ni hesabu. Walichonga ngazi za kipimo kwenye mawe kando ya mto, kipimo kimoja kipo kisiwa cha Elephantine pale Aswan, na maji yakipanda wanasoma yamefika daraja lipi. Yakifika kiasi, mavuno mazuri, na kodi inapangwa kulingana na hapo kabla hata mtu hajapanda mbegu. Yakipungua, njaa. Yakizidi, nyumba zinabebwa. Utaratibu huo uliendelea mpaka enzi za Uislamu, kipimo cha kisiwa cha Roda pale Cairo kilijengwa mwaka 861 na kipo hadi leo, watalii wanashuka wanapiga picha.

Watoto wakitaka ushahidi wape stori ya Merer. Huyu alikuwa msimamizi wa kikosi cha mabaharia miaka kama 4,500 iliyopita, na daftari lake la kazi lililoandikwa kwenye karatasi za mafunjo lilipatikana mwaka 2013 Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, na timu ya Mfaransa Pierre Tallet. Anaandika kila siku wamelala wapi, wamepakia nini, na walichokuwa wanapakia ni mawe ya chokaa kutoka Tura kwenda Giza kwenye piramidi la Khufu, wakitumia mto na mifereji. Hamna majini wala viumbe wa angani mwalimu, ni watu wa kazi na logibuku yao.

Utasikia sana ule msemo wa Mgiriki Herodotus wa karne ya 5 KK kwamba Misri ni zawadi ya mto. Mimi naona ni nusu ya ukweli, zawadi gani unaichimbia mifereji na kuilindia matuta kila mwaka kwa miaka elfu tatu. Na zawadi hiyo ilikuwa ikigoma. Stori ya Nabii Yusuf na miaka saba ya njaa watoto wako wanaijua, wa kanisani na wa madrasa, lakini kuna ya kwenye historia pia, kati ya 1065 na 1072 wakati wa khalifa al-Mustansir mto ulipungua mwaka baada ya mwaka, vita vikaongezea, watu wakafa kwa wingi.

SWALI: Kwa hiyo Nile ni stori ya Wamisri tu? Waafrika weusi tulikuwa tunaangalia? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

JIBU: Dogo, panda mto kidogo. Kusini ya Aswan mpaka Sudan ndo Kush, na mji wa Kerma ulikuwa mkubwa na tajiri zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, Wamisri waliuogopa mpaka wakajenga ngome nene za matofali kwenye maporomoko. Karne ya 8 KK mambo yakageuka, mfalme Piye wa Kush akashuka na jeshi akaichukua Misri yenyewe, ukoo wake ndo unaoitwa nasaba ya 25 ya Misri, na Taharqa ametajwa mpaka kwenye Biblia. Baadaye Meroe walifua chuma kwa wingi, marundo ya mavi ya chuma yako pale hadi leo. Na piramidi za Sudan zinapita 200, nyingi kuliko za Misri, ingawa ni ndogo na zimechongoka. Watalii hawafiki sana, na hii vita ya sasa ndo imeharibu kabisa.

SWALI: Nauza samaki soko la Majengo. Mteja kaniambia sato na sangara ni samaki wa Nile sio wa Ziwa Victoria, nikamwona ana nongwa tu hataki kulipa. Ni kweli? (Mama muuza samaki, Majengo)

JIBU: Mama, nongwa anayo lakini hajakosea. Sato unayemkaanga wewe, yule mkubwa, jina lake la kitaalamu kabisa ni Oreochromis niloticus, na aliingizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950 wakati wa wakoloni. Aliyekuwepo mwanzo ni ngege, mtamu kuliko huyu wazee wa Mwanza watakwambia, sasa hivi kumpata ni bahati. Sangara naye, Lates niloticus, aliwekwa miaka hiyohiyo ya 1950 na 1960. Mwanzo hakuweza kufika Ziwa Victoria mwenyewe kwa sababu kuna maporomoko ya Murchison kule Uganda, samaki wa Ziwa Albert hapandi pale hata afanyeje. Binadamu akambeba. Akakuta furu wadogowadogo wa aina mamia, akala, akala, aina nyingi zikapotea moja kwa moja, na kwa upande mwingine viwanda vya minofu vikafunguliwa na ajira zikapatikana, kwa hiyo hesabu yake ya faida na hasara mpaka leo watu hawajakubaliana.

Halafu mwambie mteja wako na hii. Misri ya zamani kulikuwa na mji unaitwa Esna ambao Wagiriki waliuita Latopolis kwa sababu ya sangara, walimheshimu mpaka wakawa wanamkausha na kumfunga vitambaa kama wafalme. Wewe unamuuza na ndimu na pilipili, bei usishushe.

SWALI: Nile na Amazon nani mrefu? (Wengi)

JIBU: Hesabu ya kawaida Nile ni kama kilomita 6,650 na Amazon kama 6,400, Wabrazili wanabisha, na ubishi wenyewe ni kwamba uanze kupima kwenye kijito kipi. Kwa wingi wa maji hakuna mjadala, Amazon anamwacha Nile mbali sana.

SWALI: Nimesoma kwamba Speke aliyegundua chanzo cha Nile alipita hapa Ugogo. Ni kweli au ni stori za vijiweni? (Dereva wa bodaboda, Nkuhungu)

JIBU: Kweli kabisa. Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walitoka pwani karibu na Bagamoyo na msafara, wakapita upande wa Mpwapwa, wakakatisha lile pori kavu ambalo misafara ililiita Marenga Mkali, wakaingia Ugogo. Na Ugogo hupiti hivihivi. Watemi wa Kigogo walikuwa na visima na walijua thamani yake, msafara unasimama, unajadiliana siku kadhaa, unalipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa vitambaa, shanga na waya za shaba, ndo unaruhusiwa kuchota na kuendelea. Wazungu wamelalamika kweli kwenye vitabu vyao kuhusu hongo ya Ugogo, wanaandika kama wameibiwa. Mimi nikisoma naona watu wa nchi kavu wanauza kitu adimu walichonacho kwa bei ya soko, wala sioni wizi wowote.

Kazeh, ndo Tabora, wafanyabiashara Waarabu wakawaambia kuna ziwa kubwa kaskazini. Burton alikuwa mgonjwa, Speke akaenda, akaliona tarehe 3 Agosti 1858 upande wa Mwanza, akasema papo hapo hiki ndo chanzo cha Nile bila kuwa na ushahidi wowote. Burton akamcheka. Speke akarudi tena mwaka 1860 na James Grant, akapita Ugogo tena, akalipa hongo tena, na tarehe 28 Julai 1862 akasimama pale Jinja maji yanapotoka ziwani. Yeye na Burton walipangiwa mdahalo Uingereza Septemba 1864, na siku moja kabla Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa kwenye uwindaji, watu wanabishana mpaka leo kama ilikuwa ajali.

Ila neno kugundua tuliache, watu wa Ukerewe na Buganda walikuwa wanavua humo tangu enzi za mababu. Na aliyefanya safari hizo zote mbili ziwezekane ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani mpaka India akarudi Zanzibar huru, ndo alikuwa mkalimani na kiongozi wa wapagazi, baadaye akatembea na Stanley na Cameron pia. Royal Geographical Society walimpa medali ya fedha na pensheni. Wanafunzi wetu wangapi wanamjua?

SWALI: Mimi ni mstaafu, nafuatilia sana haya mambo. Hayo maji ya ziwa yakiletwa Dodoma si tutagombana na Misri? Kuna mkataba wa kikoloni nakumbuka ulikuwa unatukataza. (Mzee mstaafu, Area C)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kumbukumbu yako iko vizuri, mkataba upo, ila sisi tulishautupa.

Mwaka 1929 Uingereza ilibadilishana barua na Misri, ikiongea kwa niaba ya Sudan na makoloni yake ya huku pamoja na Tanganyika, kwamba hakuna kujenga kitu kwenye Nile, matawi yake wala maziwa yake kitakachopunguza maji ya Misri bila Misri kukubali. Sisi hatukuulizwa. Kisha 1959 Misri na Sudan wakakaa wawili, wakakadiria maji yanayofika Aswan ni mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka, Misri ikachukua bilioni 55.5, Sudan 18.5, na bilioni 10 zilizobaki wakazihesabu ni za jua. Ethiopia inakotoka sehemu kubwa ya hayo maji haikupewa hata ndoo. Mwaka uliofuata Misri ikaanza Bwawa Kuu la Aswan, likaisha 1970, gharika ya miaka elfu nyingi ikakoma, umeme ukapatikana, wakalima mara mbili tatu kwa mwaka. Na Wanubi kama 100,000 wa pande zote mbili za mpaka wakahamishwa, maana mahekalu ya Abu Simbel yalikatwa vipande yakapandishwa juu, ila vijiji vyao vikabaki chini ya maji.

Sasa Tanganyika tulipopata uhuru, Mwalimu Nyerere alisema nchi mpya haiwezi kufungwa na mikataba iliyosainiwa na mkoloni, na mwaka 1962 serikali ikawaandikia Uingereza, Misri na Sudan rasmi kwamba ule wa 1929 hautuhusu. Nchi nyingine zikafuata msimamo huo, na kwenye sheria za kimataifa unaitwa kwa jina lake Nyerere. Binafsi naona ni moja ya barua muhimu sana tulizowahi kuandika kama nchi na haisemwi vya kutosha.

Baadaye zikaja njia za mezani. Februari 1999 mawaziri wa maji walikutana Dar es Salaam wakaanzisha ushirikiano wa nchi za bonde la Nile, makao yake Entebbe. Mei 2010 mkataba mpya wa matumizi ya pamoja ukafunguliwa hapohapo Entebbe na Tanzania ikasaini siku ya kwanza, tukauridhia 2015, na ulianza kufanya kazi tarehe 13 Oktoba 2024 baada ya Sudan Kusini kuwa nchi ya sita kuuridhia. Misri na Sudan wamekataa mpaka sasa. Kati hapo Ethiopia ikajenga bwawa lake la Renaissance, kuanzia 2011, likazinduliwa Septemba 2025, megawati 5,150, na hapo ndo ugomvi wa kweli ulipo, kwa sababu ni kwenye Nile ya Bluu.

Turudi kwenye bomba. Sisi tulishajaribu mzee. Maji yalichotwa Ihelele kule Misungwi yakapelekwa Shinyanga na Kahama, Misri ilinung'unika mwaka 2004 mradi ulipotangazwa, tukaendelea, mabomba yakafika, baadaye yakasogea mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Hakuna vita iliyotokea. Na hesabu inaonyesha kwa nini. Chukua jiji la Dodoma litumie lita milioni 100 kwa siku, mahitaji halisi yanazidi hapo lakini tuchukue hiyo, ni sawa na mita za ujazo 1.2 kwa sekunde. Pale Jinja kwa wastani mto unatoka na kama mita za ujazo 1,000 kwa sekunde. Kwa hiyo tunaongelea moja ya elfu hivi. Jua peke yake linalamba kutoka ziwani karibu mara tatu ya yale yanayotoka Jinja. Na ukishuka Sudan Kusini kuna vinamasi vya Sudd ambapo karibu nusu ya Nile Nyeupe inapotea hewani, Misri na Sudan walianza kuchimba mfereji wa Jonglei kuvikwepa mwaka 1978, vita ikausimamisha njiani na lile dude la kuchimbia liko porini linaota kutu.

Ila simlaumu Mmisri anayeogopa. Wako zaidi ya milioni 100, karibu wote wamebanana kandokando ya mto, hawana chanzo cha pili cha maana. Mtu wa Dodoma aliyeamka saa tisa usiku kusubiri maji ya mgao anamwelewa.

Kwa maoni yangu kikwazo chetu ni mlima na bajeti, Misri sioni kama itatusumbua. Ziwa liko mita kama 1,134 juu ya usawa wa bahari na Dodoma iko kama 1,120, ukisikia hivyo unadhani maji yatateremka yenyewe, lakini njiani kuna Singida ambayo iko karibu mita 1,500, na barabara kutoka Mwanza ni kama kilomita 700. Ni pampu juu ya pampu, na bili ya umeme ya kila mwezi nani atailipa, mimi nawe mzee kwenye ankara. Ndo maana sipendi watu wanaoliongelea ziwa kana kwamba Bwawa la Farkwa kule Chemba na visima vya Mzakwe havina maana tena. Visima vya Mzakwe ndo vimelibeba jiji hili miaka yote, na maeneo yake ya kujaza maji ardhini yakijengwa nyumba hakuna bomba litakalofidia haraka.

SWALI: Naweza kupanda boti Mwanza nikashukia Misri? (Kijana wa Kondoa, anapenda kusafiri)

JIBU: Huwezi. Jinja kuna mabwawa, mbele kuna Karuma na Murchison, kisha Sudd yenye mafunjo na magugu yanayoziba njia, kisha maporomoko ya Sudan, kisha Aswan. Hata jeshi la Kirumi alilotuma Nero kutafuta chanzo lilikwama kwenye vinamasi likageuza. Kama unataka tu kuugusa Nile bila pasipoti, panda basi mpaka Bukoba, kisha unganisha gari la Mutukula ushukie Kyaka. Pale unavuka mto Kagera, ambao ndo mkubwa kuliko mito yote inayoingia ziwani na vijito vyake vya mbali kabisa viko Burundi na Rwanda. Daraja unalovuka ni jipya, la zamani lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Viboko wapo, mamba wapo, kwa hiyo kugusa iwe kwa mkono tu na uwe na mwenyeji.